Dada Aliyefunga Lango

Bweremana, tarehe 14 Novemba 2021

Kwa dada Hélène, Mpofi,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba mgongo haukusumbui sana msimu huu wa mvua. Huku mimi na mama watoto tuko salama. Mtoto wa mwisho alishikwa na malaria, lakini sasa anakula na kugombana na wenzake, kwa hiyo amepona.

Najua unashangaa. Tangu tumalize matanga ya papa, baba yetu, imepita miaka minane, na barua zako mbili nilimrudishia dereva aliyezileta bila hata kuzifungua. Sijui kuanza kwa maneno matamu, kwa hiyo naanza na kazi.

Kila mwaka, darasa la sita la sekondari, tunasoma tamthilia moja ya kale, ya wafalme na walinzi wao. Wanafunzi wanaandika juu ya wahusika: huyu anataka nini, anaogopa nini, kwa nini amefanya alichofanya. Ndani yake mfalme amekufa. Mwana wake anarudi kutoka vitani, na dada yake mkubwa anaamuru lango la mji lifungwe mbele ya uso wake. Kiti cha baba anapewa binamu. Mwandishi hakumpa dada huyo hotuba ya kujieleza. Anasema tu, "Nimefunga," na pazia linashuka.

Miaka minane nimefundisha kwamba sababu yake ni wivu. Aliyeandika vingine nilimpa sifuri.

Mwaka huu kuna msichana anaitwa Aurélie, binti wa wakulima wa maharagwe huko milimani. Ameandika kwamba wivu haupo, kwa sababu kabla ya kufunga lango dada anamuuliza mlinzi kama kaka yake amekula, kisha anaamuru mikate ishushwe kwa kamba nje ya ukuta. Nikampa sifuri yake. Akanifuata na karatasi mkononi. "Mwalimu," akasema, "ulitufundisha tusihukumu muntu kwa maneno ya adui yake. Tuangalie kile anafanya wakati hakuna mwenye anamuona. Sasa huyu mama, mwenye kusema iko na wivu ni nani? Si kaka yake tu?"

Nilimfukuza. Lakini maneno yake yamekaa nami wiki mbili, na ndiyo maana nakuandikia.

Dada, nilikuona kwa macho yangu. Siku ya karamu ya matanga wazee wameketi, kichwa cha nguruwe wa pori kiko juu ya jani la ndizi, na kila mtu anajua kwamba kichwa ni cha mwana wa kiume wa kwanza, anayekaa pahali pa marehemu. Ukainama, ukamnong'oneza baba mdogo Albert aliyekuwa anagawa. Kichwa kikawekwa mbele ya binamu yetu Jean-Claude. Mimi nikapewa ubavu kama mgeni aliyepita njia. Nikaondoka saa ile ile bila kula.

Nina swali moja. Ulimwambia nini baba mdogo? Ningekuuliza kwa simu, lakini huko kwenu mtandao ni wa kubahatisha, na mimi ningekasirika nikakata.

Mdogo wako,
Bienvenu


Mpofi, tarehe 20 Desemba 2021

Mdogo wangu Bienvenu,

Mungu asifiwe aliyekukumbusha jina la kijiji chetu. Sisi tupo. Mgongo unauma nikipanda mihogo na hauumi nikicheza kanisani, basi watoto wanasema ni ugonjwa wa uvivu. Nisalimie mama watoto, na huyo mgomvi mdogo pia. Ugomvi wake najua ameutoa wapi.

Barua yako imetembea wiki nne. Barabara ni matope matupu, ikalala Hombo kwa muuza chumvi mpaka akapata mtu wa kuja huku. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilicheka, kwa sababu ndugu yangu amewapa watoto wa watu sifuri miaka minane kwa hasira za nyumbani kwetu. Mara ya tatu nililia kidogo, kisha nikaenda kuanika mihogo.

Jibu ninalo, ila sikupi. Mwalimu hafanyiwi kazi yake. Wewe una njia yako: anataka nini, anaogopa nini, anafanya nini wakati hakuna anayemwona. Haya, mhusika ni mimi. Niandikie insha. Usiliruke swali la tatu, maana hilo njo swali unalikimbia. Nitasahihisha kwa kalamu nyekundu ya mtoto.

Zile barua mbili ulizorudisha, jibu lilikuwa ndani. Nakuambia tu ujue.

Dada yako,
Hélène


Bweremana, tarehe 30 Januari 2022

Dada Hélène,

Heri ya mwaka mpya, japo umeanza kuchakaa. Sisi wazima. Natumaini sikukuu zimepita vizuri na mihogo imekauka.

Nimefanya insha yako. Kalamu ilikuwa nzito kuliko siku ya mtihani wa serikali.

Dada anataka nini? Niliandika kwamba anataka nyumba ya baba, nikafuta. Nyumba hukuichukua. Kila anayetoka Mpofi ananiambia bado unakaa katika nyumba yako ya bati lililotoboka. Nikaandika kwamba anataka kumpendeza Jean-Claude, nikafuta pia, kwa sababu ninyi wawili hamjapatana tangu alipoiba samaki kwenye mtego wako.

Anaogopa nini? Nimeandika kwamba anaogopa aibu, maana nilichelewa siku mbili kufika kwenye mazishi ya papa na watu walisema. Hilo sijalifuta. Naona ulitaka kuniadhibu kidogo.

Sasa swali la tatu. Siku ile nilipofika Hombo nilifungua mfuko nitafute koti, nikakuta kifurushi: nyama ya kukausha, chikwange tatu za muhogo zilizofungwa majani, na chumvi ndani ya karatasi ya daftari. Nilijua mkono uliofunga, kwa sababu wewe unafunga majani kwa mafundo mawili. Kwa hasira nikampa dereva vyote. Na kwa miaka minane sikukifikiria tena kile kifurushi, mpaka wiki iliyopita.

Mfuko ule niliuacha kwako asubuhi. Nilikuwa nimekuambia nitabaki wiki mbili. Na nilipotoka kwenye karamu niliuchukua mwenyewe, wewe ukiwa bado umeketi na wazee. Kwa hiyo ulifunga chakula cha safari kabla nyama haijagawanywa. Hakuna anayemfungia chakula cha safari mtu anayebaki.

Ulitaka niondoke, dada. Tena ulitaka niondoke nikiwa nimeshiba. Hapo ndipo nilipofika. Sababu yake siioni.

Nimemwomba Aurélie radhi. Hakuringa. Alisema tu, "Aksanti, Mwalimu, lakini pointi zangu?" Nimemwambia asubiri, mimi mwenyewe bado sijasahihishwa.

Mdogo wako,
Bienvenu


Mpofi, tarehe 6 Machi 2022

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa wote. Mvua ni nyingi, panya wamekula mbegu za karanga, lakini miili iko mizima na tunamshukuru Mungu.

Insha yako nimeipa kumi na mbili juu ya ishirini. Nimekata pointi kwa kusema nilitaka kukuadhibu, na nyingine kwa kumpa dereva chikwange zangu.

Sikiliza basi. Wewe ulitoka hapa na miaka kumi na miwili, ukaenda shule ya mapadri. Heshima ya kichwa uliijua. Mzigo wake hukuujua, na hakuna aliyekufundisha, maana kila mtu alidhani unajua. Katika ukoo wetu, anayekula kichwa kwenye matanga amekula pamoja na nyavu za kuwindia za marehemu. Anakaa kijijini. Anaongoza wawindaji, anasimamia mashamba ya wajane, anakata maneno ya watu wakigombana, na hahami mpaka siku naye anazikwa. Ungetia mkono kwenye lile jani, ungeaga chaki palepale. Wazee walijua na walifurahi. Walikuwa wanasema tangu asubuhi, "Mwalimu amerudia nyumba yake."

Nilimwambia baba mdogo Albert hivi: "Papa, huyu mutoto akikula kichwa, tutakuwa tumemuzika pamoja na baba yake. Mupatie Jean-Claude, yeye njo iko na mikono ya nyavu." Akaniangalia sana. Akasema, "Ndugu yako atakuchukia." Nikasema, "Anichukie, lakini afundishe."

Utauliza kwa nini sikukuambia mbele, kabla ya karamu. Ningekuambia, ungekula kichwa kusudi tu uonyeshe kwamba mzigo haukutishi. Nakujua. Na kutangaza mbele ya wazee kwamba mwana wa kwanza anakataa pahali pa baba yake ni kumtukana marehemu. Ilikuwa bora waseme Hélène ana wivu. Na walisema. Wanawake wa chemchemi, wale ninaoteka nao maji, walininyima salamu karibu mwaka mzima, wakisema nimemfukuza ndugu yangu kwenye nyumba ya papa.

Lakini usinifanye mtakatifu. Papa aliponitoa shule darasa la tano, alisema msomi mmoja anatosha nyumba moja, na huyo alikuwa wewe. Nililia, kisha nikawa nasoma daftari zako ukija vakansi, shule ikifunga. Miaka yote ile nilijiambia kwamba nimetoka darasani ili wewe uingie. Ungerudi kushika nyavu, mimi ningekuwa nimetoka kwa ajili ya nini? Hiyo nayo ni sababu, iandike.

Tena ukweli mwingine: kwa uwindaji ulikuwa hufai kabisa. Hata kuku aliyefungwa miguu alikuponyoka.

Dada yako,
Hélène


Bweremana, tarehe 3 Aprili 2022

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Nyumbani wote wazima, na mama watoto amesema nikuandikie leo leo, la sivyo hanipikii.

Barua yako ilinikuta shuleni. Niliisoma nimesimama barazani, wanafunzi wananisubiri ndani, na nilipoingia waliona mwalimu wao anatokwa na machozi. Sikuficha. Niliwaambia kwamba kwa miaka minane nimefundisha vibaya juu ya yule dada wa tamthilia, kwa sababu nilikuwa nasoma ukurasa kwa macho ya kaka aliyebaki nje. Niliwaambia nina dada Mpofi. Niliwaeleza yote, na kengele ya mapumziko ilipolia hakuna aliyeinuka.

Aurélie nimempa kumi na nane mbele ya wote. Akauliza mbona si ishirini. Nikamwambia sababu ya pili hakuiandika: dada huyo alikuwa pia na kitu alichokitaka kwa ajili yake mwenyewe, na mapenzi yake hayapungui kwa hilo. Amekwenda kusoma tamthilia upya ili akitafute. Namhurumia mwalimu atakayempata chuo kikuu.

Dada, asante. Sijui kuisema kwa mapambo. Nikishika chaki asubuhi, ni wewe uliyeniachia hiyo chaki, na ukakubali kutukanwa kwa ajili yake. Watoto wote waliopita mbele yangu wamesoma kwa sababu yako, hata wale niliowapa sifuri. Asante kwa darasa lako la tano. Sikuwahi kuliulizia. Nilikuwa nakula matunda ya mti bila kuuliza nani aliupanda, na nikaurushia mawe.

Ule mwaka wa chemchemi siwezi kuurudisha. Lakini nataka kuja Julai, shule ikifunga, nisimame mbele ya watu wa Mpofi niseme ni mimi niliyekosa. Sina haki ya kudai. Ukisema nisije, nitaelewa, na sitakasirika. Niandikie neno moja tu.

Mdogo wako anayekushukuru,
Bienvenu


Mpofi, tarehe 15 Mei 2022

Bienvenu wangu,

Tuko wazima, na leo mgongo haudai kitu.

Barua yako nimeisoma kwa sauti kanisani baada ya ibada, mbele ya watu, mimi mwenyewe, pamoja na sehemu za kilio chako, unisamehe. Jean-Claude alikuwepo. Alisema, "Baba mudogo Albert alinieleza yote kabla ya kufa. Nilikuwa nangojea nyinyi wawili muchoke." Wanawake wa chemchemi waliangalia chini. Mmoja alinishika mkono akanisindikiza mpaka nyumbani, nami sikumdai radhi.

Sasa nikuambie neno langu. Kwa miaka minane watu wote walikuwa na jibu juu yangu. Kanisani walikuwa nalo, sokoni walikuwa nalo, hata watoto wangu walilisikia na hawakuthubutu kunitazama. Kuniuliza, hakuna aliyeniuliza. Wewe njo wa kwanza, ingawa ulichelewa, na ingawa uliuliza kwa ukali kama unanisimamisha ubaoni. Ile barua yako ya Novemba, pamoja na hasira yangu, niliishukuru kabla sijaikunja. Asante, mdogo wangu. Na Aurélie umwambie kwamba mtu wa Mpofi anamshukuru.

Barua hii usiijibu. Nimechoka kusoma mwandiko wako. Shule ikifunga, njoo.

Dada yako,
Hélène