Programu Mpya ya Gari la Kumleta Chiku

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Dada yangu Chiku hali tena hata uji. Orpha, muuguzi anayemtunza kule Kapolowe, amepiga simu: mgonjwa anataka kuletwa Likasi, afie kwangu. Kuketi hawezi. Teksi hazichukui mtu aliyelala. Limebaki basi dogo la mkwe wangu Djibril, nalo halina nguvu ya kupanda mlima tangu lifungwe pampu mpya ya mafuta.

Tulipokimbia vita kwetu Fizi tulikuwa nyumba nzima. Sasa ni yeye na mimi. Kibembe cha kwetu, pamoja na mizaha ya mama — sina mwingine wa kumwambia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Fundi Jean-Luc amekuja na valise, kifaa chake cha kupimia magari. Amekichomeka chini ya usukani. Kalkilatere — kompyuta ndogo inayoendesha injini — haiitambui pampu. Inataka programu mpya. Amenakili kwanza ile ya zamani, kisha akafunga vyombo. Leo haandiki kitu, tungoje Jumatatu: umeme unakatika ovyo, na betri ikilegea katikati ya kazi, kalkilatere inakufa.

Djibril amenung'unika. "Fundi, weye iko na woga sana. Miye taa ya injini ikiwaka nakataka waya ya betri kidogo, inasahau yote."

"Njo maana gari yako haina akili."

Hata mimi nimecheka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Orpha anasema tusingoje Jumatatu.

Umeme hakuna. Jean-Luc aliunganisha betri ya pili, nzima, akazima redio, feni na taa. Akatukataza kugusa hata mlango. Programu ikaanza kuingia. Halafu mstari kwenye kioo cha valise ukasimama. Jean-Luc alikuwa getini, akiwazuia majirani waliotaka kupakia godoro la mgonjwa. Djibril akaona imekwama. Akafanya alichozoea — akachomoa waya wa betri.

Jean-Luc hakupaza sauti. "Ilikuwa inaandika, kaka. Kusimama vile njo kuandika."

Sasa ukizungusha ufunguo, haiwaki hata taa moja. Djibril ameketi juu ya tairi, maji hataki. Jean-Luc ameifungua kalkilatere, anajaribu kuirudishia programu ya zamani kwa nyaya. Nimemuuliza kama itapona. "Papa, acha kwanza."

Simu. Orpha ameiweka sikioni mwa Chiku. Anauliza kwa Kibembe kama tumeshaondoka. Sauti ndogo, maneno kamili.

Nimesema tuko njiani.

Anauliza tunaona nini. Nimemwambia wauza makaa, magunia yamepangwa kando ya lami. Lori la madini limetupita, vumbi jingi, tumefunga vioo. Anataka niendelee. Simu mkono wa kushoto, kalamu wa kulia. Jean-Luc bado ameinama. Kwa maneno ninaenda polepole, ninasimama kwenye kila daraja — Kapolowe si mbali, barabara itaniishia.