Kwa Mama Bweni, Aliyeandika Barua Kama Zilivyosemwa

Ni mwaka mzima sasa, Mama, tangu ndara zako ziliponyamaza kwenye korido ya bweni. Baba amenipa kalamu niandike kwa niaba ya wote. Anasema mimi ndiye niliyesoma, na yeye amechoka kuongea na picha yako ukutani.

Kwa miaka kumi na tisa ulikuwa matroni katika shule ya bweni ya wasichana ambao herufi hazitulii machoni pao, au maneno ya mwalimu huwapita kabla hawajayashika. Walikuja kwako wakiwa na miaka kumi na mitatu, kumi na minne, wameshaambiwa huko walikotoka kwamba vichwa vyao havifai. Kwako walikuta uzi mwekundu ulioushona ndani ya kila kiatu cha kushoto, wasikichanganye na cha kulia, na ratiba uliyoichora ukutani: ndoo ya kuoga, sahani ya chakula, mto wa kulala. Aliyesahau kitanda chake ulimwambia, "Twende tukakitafute, mwanangu, hata mimi nimekisahau." Na ulijua fika kilipo.

Sisi wa nyumbani tulikupata kwa zamu. "Wenzangu wameoa mke," Baba alilalamika akigongelea misumari vitanda vyenu vya ghorofa, "mimi nimeoa bweni zima." Ukamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye mashuka, "Basi gongea vizuri, bwana harusi, kile cha pembeni bado kinayumba."

Jumamosi, nguo zikishaanikwa, ulikaa kwenye benchi la chumba cha pasi, wasichana wakapanga foleni kukusimulia barua za kupeleka nyumbani. Uliandika kila neno kama lilivyotoka, na marudio yake na vicheko vyake. "Mimi ni mkono tu," ulisema. "Mdomo ni wake."

Nilipomaliza chuo nikaajiriwa palepale kufundisha, nikarithi na benchi lako. Nilikuja na madaftari mapya na moyo uliojaa, nikidhani mapenzi yanatosha. Nisikufiche, Mama. Nilikosea.

Unamkumbuka Redio, yule uliyempa jina hilo kwa sababu hazimi. Alinisimulia barua ya kwenda kwa baba yake, nami nikaiona fupi, nikamwonea huruma. Nikaipamba. Nikaandika kwamba masomo yanakwenda vyema na kwamba sasa anafurahia vitabu.

Wiki mbili baadaye baba yake, mchomeleaji vyuma, alifika amevaa shati lake la kutokea. "Mwanangu amepona!" alisema. "Nimeshamwombea nafasi kwenye shule yake ya zamani. Jumatatu anaanza." Ni shule ileile waliyokuwa wakimsimamisha kila asubuhi asome mbele ya darasa, mpaka akaacha kula. Sanduku la Redio lilikuwa limeshashushwa mpaka chini ya ngazi. Redio alikuwa amezima kabisa.

"Mzee," nikasema, "barua ile niliandika mimi."

"Si ndiyo kazi yako?"

"Na maneno yalikuwa yangu."

Akaniangalia. "Yeye alisemaje?"

Nilikuwa nayakumbuka yote. "Alisema, 'Baba, leo nimesoma mstari mmoja mpaka mwisho. Nikachoka nikalala. Kesho nitajaribu wa pili.'"

Aliketi juu ya sanduku. Mikono yake ilikuwa na madoa ya cheche za moto, naye akaiangalia muda mrefu. "Mstari mmoja," alisema. "Mwaka wa pili huu."

"Mistari mitatu sasa, baba," Redio akasema. "Ila nisisimamishwe mbele za watu. Nikisimama inakimbia yote."

"Mpaka mwisho, mitatu?"

"Mpaka mwisho."

Mzee yule akainuka taratibu, kama mtu aliyetembea umbali mrefu. "Haya, shika upande huo." Wakalipandisha sanduku wawili, ngazi kwa ngazi, mpaka chini ya kile kitanda cha pembeni. Aliposhuka alisimama mbele yangu. "Mwalimu," akasema, "siku nyingine usinifurahishe. Niambie."

Tangu siku hiyo naandika kama ulivyoandika. Mkono unauma, foleni haipungui, na zipo jioni ninapoketi kitandani na viatu mguuni nikijiuliza wewe ulizipata wapi nguvu za miaka kumi na tisa. Sikuwahi kukuuliza kama ulichoka. Nilidhani mama hachoki.

Jumamosi iliyopita niliwaambia wasichana kwamba naandika kumbukumbu yako. Redio akaja benchini, akataka na neno lake liwemo. Naliweka hapa bila kuligusa:

"Mama Bweni, nimefika ukurasa wa pili. Ni mgumu. Uzi wa kiatu umekatika, nimeshona mwingine mwenyewe. Nimechoka. Nitaendelea."

Nasi pia, Mama.

Unakumbukwa na mumeo, fundi seremala, ambaye kitanda cha pembeni amekitengeneza mara tatu na bado kinayumba, mwanao mkubwa na mkewe, mimi kitinda mimba wako, dada yako, wajukuu zako wawili, na wasichana wa bweni, wa sasa na wa zamani.

Pumzika, Mama. Tutakukumbuka kila Jumamosi, na siku zote za katikati.