Mama, Nimemtetea Zabroni wa Vilio

Mama yangu uliyelala Heru Juu,

Nina habari ya kukuandikia. Filamu yenu, wewe na Zabroni, imetoka! Jumapili mchana imeonyeshwa Kasulu, kwenye ukumbi ule wa karibu na soko, watu wamejaa mpaka wengine wanachungulia madirishani. Na mimi, binti yako mwoga, nimesimama mbele yao wote nikamtetea Zabroni.

Unakumbuka alivyokuja nyumbani? Kijana mrefu, katelemka kwenye bodaboda na kamera mgongoni, viatu vyekundu kwa udongo. Ulikuwa unaanika mihogo. Akakuomba uigize mama aliyefiwa na mwanawe. Ukamtazama weee, kisha ukamwambia, "Mimi nikilia, nalia kweli. Utaweza kuninyamazisha?"

Mimi sikutaka. Shuleni ninakofundisha, Kibondo, walimu wenzangu waliotoka mikoa mingine walikuwa wakimwita Zabroni wa Vilio, maana kila filamu yake lazima iwe na msiba, mchawi na mvua. Waliiga Kiswahili chetu sisi Waha kilichomo kwenye filamu zake, wakacheka mpaka chai ikawapalia. Nami nilicheka nao, Mama. Nilijifanya natoka mbali.

"Watakucheka," nikakuambia.

"Watanicheka mimi, au watakucheka wewe?"

Leo ndiyo nakujibu: niliogopa watanicheka mimi. Nisamehe.

Siku ya kushuti nilikufuata nimenuna. Zabroni alitaka ujigaragaze chini, upige mayowe. Ukakataa. "Mwanangu, hayo ni ya siku ya kwanza. Hapa umesema ni siku ya tatu. Siku ya tatu mtu anatafuta kazi ya mikono." Ukachukua ungo, ukaanza kuchambua maharage huku ukiongea na marehemu polepole, kana kwamba yumo chumba cha pili. Ukamwuliza kama amekula. Yule kijana aliyekuwa akipayuka tangu asubuhi akasogeza kamera taratibu mpaka karibu na ungo. Ulipomaliza, akachana karatasi yake ya maelekezo. "Tunabaki na ya Mama," akasema.

Miezi michache baadaye ukatutoka, na filamu haijaisha.

Sasa sikia ya Jumapili. Filamu ilipokwisha watu wakaombwa waseme. Akasimama mwalimu mmoja wa fasihi, Edgari, aliyehamishiwa Kasulu mwaka huu. Anaongea vizuri, huwezi kumdharau. "Huyu bwana anauza machozi," akasema. "Hadithi haina mpangilio, na Waha amewageuza vichekesho kwa hicho Kiswahili chao." Upande mmoja ukapiga makofi, mwingine ukazomea. Zabroni alikuwa kaegemea ukuta, kainamisha kichwa.

Nilijikuta nimeshasimama.

"Mwalimu, filamu ni ndefu, kweli. Yule mchawi wa mwisho hata mimi nimemcheka. Lakini Kiswahili kile si kichekesho, ndicho kilichonilea. Yule mama wa maharage ni mama yangu. Maneno yale hakupewa na mtu. Zabroni angeweza kumwambia nyamaza, wewe wa kijijini, kamera unaijulia wapi? Hakusema hivyo. Alimsikiliza! Nitajie mwingine aliyekuja huku na kamera akatusikiliza."

Katikati ya maneno Kiha chetu kikanichomoka mdomoni, mbele ya watu wazima na vyeo vyao. Wakacheka. Nikacheka na mimi. Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Mwacheni aseme!" Basi ukumbi ulilipuka, Mama! Vigelegele, makofi, watu wakigonga viti.

Edgari hakubadilika. Nje alinipa mkono, akasema, "Filamu bado mbaya, mwalimu mwenzangu. Ila mama yako sitamsahau." Nikampenda kwa huo ukweli. Zabroni naye alikuja kunishukuru. Akalia pale pale barabarani, mbele ya wauza nyanya, wala hakujificha. Nikajua basi kwamba machozi yake si ya kuuza. Ndivyo alivyo.

Tangu ulipoondoka nilikuwa nimesahau sauti yako. Picha ninazo, ila sauti ilikuwa imepotea, na nilikuwa naogopa kumwambia mtu. Yule wanayemtukana ndiye aliyenitunzia.

Jumamosi hii filamu inaonyeshwa Kibondo. Walimu wenzangu wote wanakwenda, na wapo waliokwisha kujiandaa kuiga na kucheka. Nami nakwenda. Nitakaa katikati yao. Safari hii sitangoja filamu iishe ndipo niseme. Ukitokea tu, nitawageukia niwaambie: "Yule ni mama yangu."

Lala pema, Mama. Nakwenda kupiga pasi gauni.

Ni mimi, binti yako wa Heru Juu.