Chini ya Jiwe la Fundi

Baba Zuhura, mume wangu,

Sijui kama utaisoma hii karatasi. Naiandika nimekaa chini, mgongo umeegemea mlango, mtoto ananyonya, na kila gari likipita barabarani kalamu inasimama yenyewe. Zuhura amelala. Jana alinitazama akasema, "Mama, unanuka uchovu." Mtoto wa miaka minne! Hayo maneno ni yako, hayakutoka kwangu.

Nianze na Fundi, maana najua ungeniuliza habari zake kabla ya zangu.

Unakumbuka siku ulipomleta? Ulitoka Magara kwenye kazi yako ya kumkamatia yule Muzungu samaki wa rangi wa kupeleka kwao, umebeba kichwani sanduku la kioo alilolitupa kwa sababu lilipasuka pembeni. Nikafikiri umeniletea kabati la vyombo. Ukaziba ule ufa kwa lami, ukapanga mawe, ukamimina maji ya ziwa, kisha ukamtoa kaa kwenye kopo kama mtu anayetoa zawadi ya harusi. Bibi Mwamvua wa nyumba ya pili alikuja kuchungulia, akajishika kiuno.

"Wenzako wanafuga kuku, wewe unafuga kaa? Haliwi, hatagi, habweki!"

Ukamjibu, "Ngoja uone, bibi," ukamtupia konokono. Kaa akamshika kwa lile gando kubwa, akabana. Tak! Ganda gumu lile likafunguka kama karanga. Bibi Mwamvua aliruka nyuma mpaka kanga ikamwanguka. "Huyu si kaa, huyu ni fundi!" Jina likabaki.

Mimi nilinuna, sikufichi. Nani alikuwa anachota maji? Si ya bomba, si ya kisima, ulisema, ya ziwani tu, kila baada ya siku mbili, na mimi nina mimba ya pili. Lakini nilikuwa nakutazama ukichuchumaa mbele ya kile kioo na Zuhura mgongoni, nikaona yule yule kijana wa siku ya Uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Watu wote walikuwa wanaimba, ngoma zinalia, na wewe ulikuwa pembeni ya maji na kaa umemfunga kwa uzi wa mgomba, kidole chako kinatoka damu, hulii. Ukamkata uzi ukamwachia. "Na yeye apate uhuru wake," ukasema. Nikakucheka. Moyoni sikucheka.

Sasa niseme lile linaloniamsha.

Walipotuma watu kusema wanaume fulani wafike komini, kwenye ofisi ya serikali, kuandikisha majina, wewe hukutaka kwenda. Ulikaa kitandani, viatu mkononi. Ulisema, "Mama Zuhura, waliokwenda jana sijawaona." Na mimi, kwa sababu nilisoma mpaka darasa la sita na nilifundishwa kwamba mtu wa haki haogopi ofisi, nikakuambia, "Nenda. Asiyekwenda ndiye anajionyesha ana kosa." Nikapasha pasi ya mkaa. Nikakunyoshea lile shati jeupe la Idi, na kola nikairudia mara mbili. Mlangoni ulisema tu, "Fundi apewe konokono wawili, asizidishiwe."

Sote mtaani tulifanya hivyo. Wake wote tulinyosha mashati. Barabara ile ilikuwa na wanaume wasafi kama siku ya sala, wanakwenda kwa miguu yao wenyewe. Hakuna aliyekamatwa kwa kamba. Hilo ndilo linalonitesa.

Siku ya nne askari wawili waliingia, mchana jua kali. Mmoja alikaa mlangoni, mwingine akapekua. Mimi nimesimama na kachanga kifuani, Zuhura ameshika kanga yangu. Ndipo ikasikika kutoka chumbani: tak! Askari akageuza bunduki.

"Nani iko mule?"

"Iko kaa, sefu."

"Unanifanya mujinga?"

Tak! tena. Aliusukuma mlango kwa mguu, mimi nimefumba macho. Kisha nikamsikia anacheka, kicheko kidogo cha kijana. Alikuwa ameinama kwenye kioo kama wewe. Fundi alikuwa anamaliza konokono wake, hana habari na serikali.

"Ni ya nani hii?"

"Ya baba yake huyu mutoto."

"Aliitwa komini?"

"Ndiyo. Anarudi lini, sefu?"

Akaacha kucheka. Aliangalia kama mwenzake yuko mbali, akasema taratibu, "Mama, usikae hapa." Wakaondoka.

Nimeyageuza maneno hayo mpaka yamechakaa. Ana maana umekufa? Ana maana watarudi kwetu sisi? Bibi Mwamvua alinishika mabega. "Mwanangu, mtumbwi wa mume wangu upo. Twende." Nikakataa. Nikasema akirudi akakuta nyumba tupu atafikiri nini? Nilikuwa namngoja mtu niliyemtuma mwenyewe.

Ijumaa nikamkuta Fundi amelala kando ya jiwe, miguu imekunjamana, macho meupe. Nikamgusa kwa kijiti, hakutikisika. Nilikuwa sijalia tangu uondoke, kwa ajili ya watoto. Siku hiyo nililia kama mtu aliyefiwa, Bibi Mwamvua akaja mbio. "Umepata habari?" "Fundi amekufa," nikasema. Alitaka kunigomba, akakaa chini akalia na yeye.

Nilipotia mkono kumtoa, kiganjani nikashika ganda tupu. Ndani hamna nyama. Nikainua jiwe. Alikuwa pale chini, Baba Zuhura, laini kama unga uliokandwa, amejibana kwenye pembe, hata gando hawezi kuliinua.

Hapo ndipo nikakusikia, kama uko nyuma yangu. Ulinieleza mwaka jana na mimi sikusikiliza, nilikuwa naosha nepi: "Akijivua ganda, usimguse siku nyingi. Hana silaha. Hata konokono anaweza kumla. Muda huo kazi yake ni moja, kujificha."

Sisemi ni ishara. Sheikh angenigomba. Sijui uko hai au la, na ganda la kaa haliwezi kuniambia. Lakini mimi na hawa watoto hatuna silaha, hilo nalijua, na nimekaa uwanjani kama mjinga.

Nimengoja siku tisa mpaka ganda lake jipya likawa gumu. Leo asubuhi nimemrudisha kwenye mawe pale tulipokuwa tunafulia. Zuhura aliuliza, "Baba hatakasirika akija?" Nikasema hatakasirika.

Kesho, baada ya sala ya alfajiri, tunaondoka na Bibi Mwamvua. Siandiki wapi. Ni kule bibi yako, mama wa mama yako, alikozikwa. Anayeisoma hii bila kuwa wewe, basi aiweke alipoitoa, na Mungu amhifadhi na yeye.

Nimekikausha kioo, nimelaza karatasi chini ya jiwe la Fundi. Hakuna mwingine atakayefikiri kuinua jiwe kwenye sanduku lisilo na maji. Ganda lake nimelifunga kwenye kanga, nalichukua.

Nilikuambia uende, na ulinisikiliza. Nisikilize mara moja tena: wakikuita, usiitike. Usivae shati jeupe. Jifiche mpaka uwe mgumu, halafu uje.

Mimi aliyekunyoshea kola,
Mama Zuhura wako