Mama Anajifunza Kusema

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo wewe, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku wazima. Mgongo wangu ndio ule ule, unalalamika kuliko mwenyewe.

Mdogo wako Kidoti nimeshampeleka shule ya viziwi. Unajua nilivyoogopa atanishikilia gauni? Wapi! Aliona watoto wenzake wanaongea kwa mikono, akaduwaa mdomo wazi, hata kuniaga akasahau. Aliyelia ni mimi, njia nzima, mpaka kondakta akaniuliza nimefiwa na nani.

Sasa sikiliza. Hapa nyumbani tulikuwa na ishara zetu za kubuni: kula, lala, njoo, acha hicho. Nilidhani zinatosha. Mwalimu wake kaniambia atajifunza lugha kamili, na akija likizo tutabaki tunamkodolea macho. Yaani nimzae mimi, nimnyonyeshe mimi, halafu nikae naye kama mgeni? Sikubali. Wewe unaishi karibu naye. Ukienda kumwona Jumapili, mtazame anavyosema unichoree mikono. Nitafanya mazoezi na mdogo wako Kiherehere, ambaye hana kazi zaidi ya kufunua sufuria zangu.

Aprili akishuka kwenye basi, nataka nimsemeshe mwenyewe.

Mama yako

20 Februari

Mama, shikamoo.

Kikohozi kimepona, sasa naumwa vidole. Fundi mkuu kaniweka kwenye kola za mashati. Nashona, anafumua. Nashona tena, anafumua tena, huku anapiga mluzi. Jana kafumua moja tu, nikajiona mtu mbele za watu. Na mgongo wako je, unaukanda?

Mtoto wako kanenepa. Ana rafiki mmoja kibogoyo, hawaachani hata chooni. Jumapili alikaa mbele yangu kwenye benchi akasema polepole, neno moja moja, nami nikachora vile vile nilivyomwona, viganja na vidole vyote. Aliponipokonya karatasi kuangalia, alicheka mpaka matroni akaja. Anasema nimemchora ana mikono ya chura. Michoro hiyo hapo, na maana nimeandika chini yake kama matroni alivyonitafsiria.

Binti yako mkubwa

17 Machi

Mwanangu,

Salama? Kola zinaendeleaje? Mwambie huyo fundi apige tu mluzi wake, utamshinda.

Michoro nimeibandika ukutani, juu ya meza yangu ya kupigia pasi. Wateja wananikuta natikisa mikono hewani, wanatazamana. Mmoja alibeba nguo zake zikiwa bado na makunyanzi, akasema ana haraka. Vidole vyangu vimekuwa vigumu kwa sabuni na moto wa pasi, lakini vinakwenda, vinakwenda tu. Jana mimi na Kiherehere tumekula chakula chote bila kufungua mdomo kuongea. Nilimwambia aongeze chumvi, akaongeza!

Nimeshapanga nitakachomwambia stendi. Nimekukumbuka. Hukuchoka njiani? Nimekutandikia kitanda kipya. Nakisema kila asubuhi kabla ya kuwasha pasi. Mwanangu, nina furaha ya kijinga.

Mama

2 Mei

Mwanangu,

Nisamehe kwa kimya. Nilikuwa kila nikishika kalamu naiweka chini. Afya ipo.

Kidoti alishuka, nikamwambia, pale pale stendi watu wanapita na mizigo. Akatazama mikono yangu, akatazama uso wangu, akamgeukia dada yake Kiherehere. Nikarudia. Akanipa tabasamu lile la kumpa mgeni.

Kiherehere ndiye aliyegundua. Wewe ulimchora akiwa amekuelekea, viganja vinakutazama wewe. Mimi nikahakikisha mikono yangu imefanana na ya ukutani, kwa hiyo viganja vikanitazama mimi. Mtoto alikuwa anaona migongo ya mikono tu. Kumbe siku zote hizo nilikuwa najisemesha mwenyewe!

Kiherehere alijirekebisha jioni ile ile, huku anacheka. Mimi nikigeuza mikono, vidole vinasahau. Nikikumbuka vidole, mikono imesharudi. Wiki ya pili wao walikaa kwenye kitanda kipya, wanaongea kwa kasi mpaka wanashika matumbo kwa kicheko. Nikauliza, mnacheka nini? Kiherehere akasema, “Aa, hadithi ndefu, mama.” Hadithi ndefu! Ndani ya nyumba yangu!

Siku moja Kiherehere kaenda dukani, Kidoti akanijia jikoni analia. Akaniambia kitu. Akarudia. Akarudia tena, polepole, kama unavyomfundisha mtoto mdogo. Nikampa maji, akayasukuma. Nikampa mkate. Nikampapasa tumbo, nikampapasa paji la uso. Mwishowe akafumba macho. Huyu akifumba macho, mama unafanyaje? Hata nipige kelele paa ling'oke! Nikamkumbatia, akakaa mikononi mwangu kama gogo. Dada yake aliporudi alimwuliza, akakataa kusema.

Mpaka leo sijui mwanangu alitaka kuniambia nini. Niulizie.

Mama

9 Juni

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Pole, mama yangu, tena pole sana. Nilisoma barua yako kiwandani, fundi akaacha hata mluzi.

Nimemwuliza, maana Jumapili zote hizi nami nimeokota ishara zao. Anasema hakumbuki. Nadhani anakumbuka.

Kuna jambo jingine, na nimezunguka nalo wiki nzima nisijue nikuandikie au nisikuandikie. Mwisho wa mwezi ni siku ya wazazi. Kila mtoto atasimama mbele awaeleze wazazi wake anachojifunza. Nikamwuliza, mama aje? Akasema aje na Kiherehere. Nikamwambia siku hiyo Kiherehere ana shule. Akafikiri kidogo, akasema, “Basi mama apumzike tu.” Hakuwa na hasira, mama. Alisema kwa kukuonea huruma.

Nifanyeje?

Binti yako mkubwa

16 Juni

Mwanangu,

Nimepata barua yako, nimeisoma nimekaa chini. Mgongo usiniulize.

Kiherehere nimemwombea ruhusa kwa mwalimu wake. Tutakuja wote. Mwambie mdogo wako sijachoka, na sijasema nataka kupumzika.

Nitakaa pembeni ya Kiherehere. Kidoti atasema, yeye ataniambia. Wakifupisha, wafupishe. Wakicheka kabla sijaambiwa, nitasubiri. Mazoezi naendelea nayo, ila kwa siku hiyo sitawahi, hilo nalijua.

Kitu kimoja tu nakuomba umwambie, wewe unayeweza. Atakaposimama pale mbele, asimtazame Kiherehere. Anitazame mimi. Ningemwambia mwenyewe, lakini sijui linasemwaje.

Mama yenu