Tunda Moja la Yago

Jumatatu, 5 Mei

Daftari, hujambo? Umeamkaje na hii baridi? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila magoti. Mvua siku ya sita leo.

Nimebonyeza kaktasi zote kabla ya chai. Moja moja, chini karibu na udongo. Kidole kikididimia, imeoza. Ile ya nywele nyeupe, ninayoiita Mzee, imedidimia. Nikanusa. Harufu ya sukuma wiki iliyolala kwa maji. Nimekata mpaka nikafika kwenye nyama nyeupe safi, nikapaka jivu, nikaitundika juu ya jiko. Wiki mbili bila udongo, bila tone la maji. Watu wanafikiri mimea hii inakufa kwa kiu. Hapa Muhuru, na unyevu huu wa ziwa, haifi kwa kiu. Inakufa kwa kubembelezwa.

Yule mwalimu wa Homa Bay niliyemfanyia kazi ya nyumba ndiye aliyenifunza. Alipohama akaniachia mikebe yake yote. Mimi nikaongeza za kwetu, miti ya dawa, ogaka ya vidonda na mingine. Udongo ni mchanga mnene, makaa na matofali yaliyopondwa. Juu nailoni, pembeni wazi upepo upite. Stendi ya chuma alinichomelea Odhiambo, fundi wa injini za boti, mume wa rafiki yangu Syprose. Alipomaliza akaniuliza, akiniita mama wa Awuor kwa Kijaluo, "Min Awuor, hizi miiba unakula ama unapigia wezi?"

Kwa lango kuna mti wa yago, aliupanda mama mkwe. Matunda yake marefu kama mkono, mazito, yananing'inia kwa vikonyo virefu kama kamba. Magome yake ni dawa. Na kwetu Wajaluo, mtu akipotea majini mwili usipatikane, tunda la yago ndilo linazikwa mahali pake. Kwa hiyo watu hawaupendi mti huu karibu na nyumba. Mwezi wa pili akina mama wa kanisa walikuja kwangu kwa maombi. Dorcas, msaidizi wangu katika uongozi wao, akatazama juu. "Mwenyekiti, hawa maiti umewatundika unangoja nani?" Wakacheka wote. Niliona haya. Wageni walipoondoka nikaita mtu wa panga, akaangusha matunda yote tukatupa shimoni. Moja nikalificha kwa mbegu. Liko kwa stendi, katikati ya kaktasi.

Jumatano, 7 Mei

Odhiambo hajarudi.

Jana mchana alitoka na wawili kujaribu injini aliyokuwa ametengeneza. Upepo ukaja ghafla. Boti ikapinduka. Wawili walishika mtungi wa mafuta, wakaokolewa. Wanasema alikuwa nyuma kwa injini. Hawakumwona tena.

Sijagusa mimea leo.

Alhamisi, 8 Mei

Tuko ufuoni tangu asubuhi. Hakuna aliyeanika omena. Boti zinazunguka, zinarudi, zinatoka tena. Wazee wanasema siku ya tatu ama ya nne ziwa litamrudisha. Wanasema hivyo kila mara. Mara nyingi ni kweli.

Syprose amekaa akitazama maji. Halii. Nilimpa uji, akaushika tu mpaka ukapoa. Akaniambia, "Dada, nikilia nitakuwa nimekubali."

Nikamfunga leso mabegani.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya tano. Wamepata kifuniko cha injini tu.

Tumeomba kanisani. Niliongoza mimi. Nilisema Bwana, mtoe tumzike. Maneno mengine hayakuja.

Baada ya ibada mzee Ogutu, kaka mkubwa wa Odhiambo, amesimama mbele ya watu kule nyumbani kwa Syprose. Wakifika Jumanne bila kitu, wanaacha kutafuta. Jumamosi watazika yago. Amesema marehemu. Ni mara ya kwanza mtu kusema neno hilo. Syprose akainuka akaingia ndani.

Mchungaji alikuwepo. Alitazama viatu vyake.

Jumatatu, 12 Mei

Nimefanya jambo baya leo. Niandike kabla sijajitetea.

Mzee Ogutu alikuja na bakora yake. Alisimama chini ya yago akatazama juu kwa muda mrefu. Maua mekundu tu.

"Min Awuor, huu mti ulikuwa umejaa."

"Ulikuwa umejaa, mzee."

"Nani alivuna?"

"Tuliangusha mwezi wa pili."

Alitikisa kichwa. Akasema, "Haya. Tutatafuta mbele." Alinisalimia vizuri akaenda zake, polepole, kwenye matope.

Na tunda liko hatua kumi kutoka pale alipokuwa amesimama. Sikusema. Niliona sura ya Dorcas akilini. Niliwaza kiti changu kanisani, miaka kumi na moja mwenyekiti wa akina mama. Nikawaza meza ya Bwana. Katika kanisa letu anayeshiriki mila za kaburi anakalishwa nyuma, na meza inampita. Mama mmoja alikalishwa mwaka mzima kwa sababu alinyolewa kwa matanga.

Mimi ni mwoga. Basi.

Jumanne, 13 Mei

Wameacha kutafuta.

Mchungaji alitupitia kwenye mazoezi ya kwaya. Si mtu mkali. Alisema pole pole, "Tutamfariji dada yetu. Lakini kanisa halisomi ibada juu ya tunda. Na kiongozi yeyote asiweke mkono wake pale." Dorcas alinitazama mimi, si yeye.

Vijana wa pikipiki wametumwa Uriri hadi Ogwedhi. Miti mingi imekatwa kwa makaa. Iliyobaki ina matunda ya ukubwa wa kidole. Mzee Ogutu anakataa. Anasema kaka yake alikuwa mtu mzima, hatazikwa kama mtoto. Na tunda la kuzika halinunuliwi. Mwenye mti atoe kwa moyo.

Nilimpelekea Syprose chai. Nguo za kazi za Odhiambo bado ziko kambani tangu siku ile. Zimenyeshewa zikakauka zikanyeshewa tena. Hakuna anayethubutu kuzitoa. Kwa mila Syprose haruhusiwi kulala nje ya boma wala kushika jembe mpaka kuwe na kaburi. Aliniuliza kama mtu anaweza kuwa mjane nusu.

Nikarudi nyumbani haraka kama mtu aliyeiba.

Jumatano, 14 Mei

Asubuhi nimebonyeza kaktasi kama kawaida. Mkono ukaenda wenyewe kwa lile tunda. Ncha ya chini ikadidimia.

Nailoni imetoboka juu yake. Sikuona. Siku ngapi matone yamekuwa yakidondoka pale mahali pamoja. Nikalinusa. Linaanza.

Nikakaa chini kwenye mchanga. Nililia kuliko nilivyolia ufuoni. Nilikuwa nimelificha lisionekane na sasa lilikuwa linaniozea mikononi.

Mume wangu amelala kaburini hapa nyuma ya jikoni, mwaka wa tisa. Nikichoka naenda kumgombeza. Nikivuna namwambia. Syprose atagombeza nani? Ziwa lote?

Nilifunga tunda kwa leso nikalibeba mgongoni kama mtoto, kwa njia kubwa, watu wakiona. Dorcas alikuwa kwa duka. Alifunga mdomo wake kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Mzee Ogutu alikuwa chini ya hema. Nikapiga magoti. Nikamwambia yote, hata ya Jumatatu. Hata ya panga. Kisha akafungua leso, akapapasa tunda kutoka juu hadi chini.

Nikasema, "Mzee, ncha imeoza. Naweza kuikata, nikaushe, lifike Jumamosi. Lakini litakuwa na jeraha. Nimesikia lazima liwe zima."

Akanitazama. "Mtu akitolewa ziwani siku ya nane, umewahi kuona anatoka mzima? Kata."

Wazee wawili waliokuwa naye wakacheka, kicheko kile cha kilioni. Hata mimi.

Kisha akasema, "Ulitoa kwa moyo?"

Nikasema, "Nimechelewa, lakini ndiyo."

"Kuchelewa si kukataa," akasema. "Nenda ukafanye kazi yako."

Alhamisi, 15 Mei

Kisu nimepangusa kwa spiriti. Nimekata kidogo kidogo kama ninavyokata kaktasi. Kahawia. Kahawia. Kisha nyama safi yenye mbegu. Upana wa viganja viwili umetoka. Sikutupa. Nimefunga kwa kitambaa, mzee amesema vitawekwa pamoja. Jivu juu ya jeraha, jivu la jana lililopoa, si la leo.

Nimeondoa mikebe yote kwenye rafu ya juu. Tunda peke yake, juu ya vijiti, lisiguse chuma. Jiko la makaa chini, mbali, moto mdogo. Ukilikausha upesi linapasuka. Ukichelewa unyevu unarudi ndani. Mvua haijakata hata saa moja.

Kazi hii sijawahi kuifanyia kaktasi yoyote. Niliomba nikiwa nimesimama. Sikujua niombe nini, nikawa nasema tu jina lake, Bwana, huyu ni Odhiambo, Bwana, huyu ni Odhiambo.

Ijumaa, 16 Mei

Mchungaji amekuja mwenyewe. Aliona tunda kwenye rafu. Akavua kofia, sijui kama alijua amevua.

"Mama, unajua nitalazimika."

"Najua, mchungaji."

"Kwa nini wewe? Wangepata mahali pengine."

"Walitafuta. Mahali pengine hapakupatikana."

Akakaa. Nikampa chai. Aliuliza kwa nini naweka moto mbali hivyo, nikamweleza. Akasogeza jiko kidogo kwa mguu, upande wa upepo. Kisha akainuka kama mtu aliyekosea nyumba.

Jeraha limekauka. Gumu kama ngozi. Nimebonyeza kila mahali. Hakuna kinachodidimia.

Jumamosi, 17 Mei

Tumemzika.

Syprose alitoa nguo za kazi kambani kwa mkono wake mwenyewe. Tulivalisha tunda, suruali ikakunjwa, mikono ya shati ikafungwa kifuani. Akaniuliza mimi, si wazee, "Kichwa ni upande gani?" Nikamwonyesha upande wa kikonyo. Akalishika pale. Akaangalia jeraha chini, lile la jivu, akasema, "Ni miguu." Ndipo akalia. Siku kumi na moja. Sauti ile ilifika barabarani. Wanawake wote wakamfuata.

Jeneza la kawaida. Kaburi la kawaida, upande wa kulia wa nyumba. Mzee Ogutu aliita jina kamili la Odhiambo, akamwambia arudi nyumbani, asizunguke tena majini.

Mchungaji alikaa chini ya hema na waombolezaji. Aliwaombea walio hai. Kaburini hakufika. Lakini wakati wa kufukia nilimwona amesimama.

Mimi nilitupa udongo kwa mkono wangu. Mbele ya Dorcas na kila mtu.

Jumapili, 18 Mei

Nimekaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Hakuna aliyenituma, nilienda mwenyewe kabla ya kuambiwa. Tangazo lilisomwa. Nimeondolewa uenyekiti. Meza itanipita mpaka baraza la wazee wa kanisa likae.

Sinia ilipita. Mhudumu hakujua macho ayaweke wapi. Nilimtabasamia, maskini. Iliniuma, siwezi kudanganya. Iliniuma kama njaa.

Dorcas aliongoza maombi. Aliongoza vizuri.

Jumanne, 20 Mei

Jua leo. La kwanza. Nimefungua nailoni yote, mimea inapumua. Nimepoteza mitano kwa kuoza wiki hizi. Akili yangu haikuwa huko.

Syprose alikuja kuazima jembe. Sasa anaruhusiwa. Alilima mistari miwili, akarudi, akakaa kizingitini kwangu. Anasema amelala usiku wote. Anasema amekula samaki, alikuwa anaogopa samaki. Kisha akaniuliza, taratibu, "Dada, unafikiri amefika?"

Nikamjibu, "Amefika."

Nilisema upesi, kama mtu aliyeambiwa. Sikuwa nimeambiwa.

Bwana, sikuulizi habari za kiti, wala benchi, wala baraza litakaa lini. Nitangoja. Nauliza hili moja. Kile tulichokizika pale kulia kwa nyumba yao, umekipokea kama Odhiambo mwenyewe? Nilimjibu mjane kwa jina lako kabla hujasema. Kesho atarudisha jembe, na najua ataniuliza tena. Tafadhali nijibu mapema.