Firigisi za Mama

Mwankoko, Singida

Kwa kaka yangu Shamte,

Shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Tunduma, wewe na wifi Cecilia. Sisi tunapumua, alhamdulillah. Alizeti zimekauka vizuri, upepo wa huku unaujua mwenyewe. Barua nimempa kondakta wa basi kwa sababu simu zangu hupokei. Nilisikia ulivyomwambia mume wangu Amri kwa simu siku tuliyomzika mama, kwamba aliyekufukuza akiwa hai hawezi kukupokea akiwa kaburini. Neno lile limenikaa kooni mpaka leo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni friji ya mama. Arobaini yake inakaribia, tunataka pa kuweka nyama ya wageni, na friji yenyewe ndiyo ile: juu barafu imejaa mpaka mlango haufungi, chini maziwa yanachacha. Mama akiwa hai hatukuthubutu kuizima. Ukisogelea plagi tu anafoka, we Rahma, achana na friji yangu! Tulidhani ni ukali wake wa siku zote.

Juzi tukaichomoa. Tukaweka sufuria ya maji ya moto ndani, barafu ikaanza kuachia. Nyuma ya kifuniko tukakuta feni ya kusukuma ubaridi imeganda kabisa. Amri, unamjua alivyo mbishi, akapima kwa mita ile hita ndogo inayoyeyusha barafu, umeme haupiti. Kumbe waya wake ulikatwa, na alama za kisu zimejaa kwenye plastiki ya kile kifuniko. Nikacheka, nikasema huyo ni mama tu, na kisu chake cha jikoni. Amri akauunga waya, akauziba vizuri maji yasiingie.

Kicheko kiliniisha nilipoona mama alikuwa akichimbia nini. Nyuma kabisa, barafu ilipoyeyuka, vilitokea vifuko vya nailoni vimepigwa fundo. Nikafungua kimoja, firigisi. Cha pili, firigisi. Vyote, kaka.

Unakumbuka nyumbani kwetu firigisi hailiwi ovyo. Ilikuwa ya baba, na baba alipofariki mama akasema ni yako. Tangu akufukuze kwa kumwoa Cecilia, msichana wa Kikristo kutoka Nduguti, hatukuiona tena kwenye chungu. Amri alikuwa akimtania mama kwamba kuku wake wanazaliwa bila firigisi, mama anaguna tu. Wallahi mimi nilidhani anakula mwenyewe jikoni! Kumbe kila akichinja alikuwekea yako. Alichimba barafu azifiche, kisu kikakata waya, na kuizima friji alikataa zisije zikayeyuka.

Sijamaliza. Vifuko vya mbele, vya karibuni, vilikuwa na kidari pamoja na firigisi. Wajua kidari kwetu hupewa nani: mke wa mwana, siku anapokaribishwa nyumbani mara ya kwanza. Mama alishamkubali Cecilia, kaka. Ni mdomo tu uliokuwa mzito. Nilikaa chini sakafuni kwenye maji, nikalia mpaka Amri akaacha kazi.

Umeme wa huku unavyokatika, hazikufaa tena kuliwa. Nimezifukia uani. Friji sasa inapoa vizuri, lakini kila ikinguruma naumia.

Jumapili ya arobaini tutamchinja yule jogoo mwekundu wa mama. Firigisi nitaitenga, na kidari nitakitenga. Njoo na wifi mvile vikiwa vya moto, kaka yangu. Mimi kugandisha siwezi.

Wapwa zako wanakusalimu, wanauliza mjomba anafanana na nani. Nimewaambia wasubiri waone wenyewe. Msalimie sana wifi, mwambie kwao ni hapa.

Mdogo wako akupendaye,
Rahma